Mgongo wa Mshonaji

Mtu aliyeishi miaka mingi na mifupa ya wafu huweza kusahau kwamba mifupa ya walio hai huuma. Kosa hilo halimpati mkulima wala mwashi. Huwapata watu wachache mno, na mmoja wao alikuwa mume wa Mshonaji.

Kazini walimwita Fundi Mifupa, naye jina hilo alilivaa kama cheo. Katika chumba cha nyuma cha chuo cha udaktari kilichopakana na hospitali aliunganisha mifupa mikavu ili wanafunzi wajifunzie. Pingili za uti wa mgongo alizitunga kwenye nondo nyembamba, moja juu ya nyingine, akiweka kipande cha sufi iliyoshindiliwa baina ya kila mbili, mahali palipokuwa na gegedu. Mbavu alizikaza kwenye kidari kwa waya, na taya akalining'iniza kwenye fuvu kwa springi ndogo. Uti wowote uliotoka mikononi mwake ulisimama wima. Hakuvumilia kazi iliyopinda, iwe ya mwingine au yake, na katika ndoa yao yote hakuwahi kumdanganya mkewe, hata kwa kumbembeleza. Watu wa namna hiyo huheshimiwa na wengi na kuzoewa na wachache.

Jioni moja alirudi nyumbani na ubao kwapani, ameinamisha kichwa kwa mawazo. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, akiufuata mwanga uliokuwa ukimkimbia.

"Simama, Mama."

"Nimalizie pindo hili kwanza, Mzee."

"Pindo halina haraka. Simama."

Akasimama. Mumewe akamzunguka polepole, mikono nyuma, kama mnunuzi wa kabati.

"Umesimama kama mundu," alisema.

"Mundu unavuna."

"Usinichezee. Cherehani hii imekupinda."

"Cherehani hii ninayo tangu hujaota mvi. Ingekuwa ya kunipinda ingenipinda zamani."

"Tone la maji halipasui jiwe siku ya kwanza. Geuka."

Akageuka, akashusha gauni mabegani. Fundi Mifupa aliweka kidole gumba kwenye kifundo kinachojitokeza chini ya shingo, akaanza kuteremka pingili kwa pingili, akihesabu kwa sauti ya chini. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mgongo huo uguswe na mkono wa mtu, na Mshonaji alifumba macho. Lakini hata alipofumba alijua kwamba kidole kile kilikuwa cha mtu anayetafuta kitu, wala si cha mtu anayemtafuta mtu.

"Hiki hapa!" alisema mumewe, kwa furaha ya aliyeokota sindano sakafuni. "Ya tisa. Imesukumwa nje. Inauma?"

"Inauma. Na jasho linanitoka usiku, na nguo zote zinanipwaya. Tazama mbavu zangu."

Alizitazama. "Mbavu zako hazina neno. Saba za kweli, tatu za uongo, mbili zinaelea. Unajua kwa nini tunaziita za uongo?"

"Sijui."

"Kwa sababu hazifiki kwenye kidari zenyewe. Zinashikilia zile zilizo juu yake, ndipo zifike."

"Maskini," alisema Mshonaji. Kisha, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei huku akijua hatanunua, akasema: "Si tungekwenda hospitali, Mzee?"

"Tukamwone nani? Wale vijana? Juzi mmoja wao aliinua mtulinga, mfupa wa begani, akaniuliza ni ubavu wa upande gani. Wanashika fuvu kama wanachagua tikiti maji! Nimesimamisha migongo mingi kuliko watakayoiona maishani mwao, nimpeleke mke wangu akabonyezwe na hao?"

Basi akaulaza ubao mezani, akaeleza. Ubao ungekaa mgongoni. Pale penye kinundu angeweka kifundo cha mti kilichofunikwa sufi, kiisukume pingili irudi mahali pake. Na mbele, mishipi minne ingemkaza kifuani na tumboni asijikunje. Kitu kilichopinda hunyoshwa kwa kukisukuma kutoka upande kilikoelekea. Hivyo ndivyo alivyofanya mezani kwake, na mezani kwake haikuwahi kushindikana.

"Mishipi utaishona wewe," alimaliza. "Nani mwingine anashona humu ndani?"

Mshonaji aliishona. Alichagua kitambaa kigumu, akapitisha mshono mara mbili, kwa kuwa hakujua kushona ovyo. Alikuwa kama mfungwa aliyeombwa asokote kamba ya kumfungia, naye akaisokota vizuri.

Tangu siku hiyo aliishi ndani ya ubao. Asubuhi mumewe alimkaza kabla ya kwenda kazini, kwa kimya na kwa uangalifu, goti lake likiegemea kitanda. Jioni alimfungua, akapima kinundu kwa vidole, akasema, "Bado," akaenda kuosha mikono. Baina ya asubuhi na jioni hapakuwa na mtu. Binti yao aliolewa mbali. Nyumba ilikuwa na sauti ya cherehani tu, na cherehani nayo ilianza kunyamaza, maana mtu asiyeweza kuinama hawezi kuifuata sindano kwa macho.

Wateja waliliona hilo kabla ya yeye kulikubali. Mwalimu mmoja wa kike, mteja wake wa miaka, alikuja kuchukua gauni, akalivaa mbele ya kioo, akageuka kushoto na kulia.

"Mama, bega hili limeshuka."

"Nitalipandisha."

"Na pindo je? Huku refu, huku fupi. Au ndiyo mtindo mpya?" Alicheka, kisha akagonga mgongo wa Mshonaji kwa mapenzi ya kawaida ya wanawake waliozoeana. Mkono ukagonga ubao, ko! Akaurudisha haraka kama aliyegusa kaa la moto.

"Una nini humo?"

"Mgongo tu. Dawa ya mgongo."

"Haya. Pole," alisema mwalimu. Gauni alilichukua vilevile lilivyo, akasema si neno, atalivaa hivyohivyo. Hakurudi tena, na Mshonaji, aliyekuwa akitaniwa sokoni kwamba sindano yake inaona gizani, alikaa muda mrefu akikiangalia kioo kilichobaki kitupu.

Binti alipiga simu.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Mbona sauti yako kama inatoka kisimani?"

"Ni simu hizi."

"Baba yupo?"

"Yuko na mifupa yake."

"Haya, msalimie. Na mifupa uisalimie." Wakacheka wote wawili, kila mmoja upande wake. Simu ilipokatika Mshonaji aliendelea kuishikilia sikioni, kwa kuwa kuiweka mezani kungekuwa kukubali kwamba maongezi ya siku yamekwisha.

Jambo lililofuata lilianzia kwenye kanyagio. Alikuwa akishona mto, kazi nyepesi isiyotaka kuinama, na ghafla cherehani ikasimama. Akakanyaga. Haikwenda. Akatazama chini kwa shida, akauona mguu wake umelala kando ya kanyagio, nao muda wote huo alidhani unakanyaga. Aliuinua kwa mkono, akaurudisha mahali pake kama mtu anayeweka kiatu rafuni.

Jioni alimwambia mumewe.

"Miguu inakufa ganzi, Mzee. Wa kushoto siusikii vizuri."

Fundi Mifupa alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. "Mfupa uliokaa pabaya muda mrefu hausogei bila kulalamika," alisema. "Hiyo ni dalili kwamba unarudi."

"Una hakika?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Hakuwahi. Hilo ndilo lililomnyima Mshonaji neno la kusema. Mume mwongo humwachia mkewe nafasi ya kumshuku. Mume mkweli aliyekosea humfungia mlango wa mwisho. Asubuhi mshipi wa tatu ulisogezwa tundu moja mbele.

Aliyemwokota sakafuni alikuwa jirani yao, mwanamke aliyeitwa Mama Kelele na watu wote hata na watoto wake mwenyewe, kwa sababu alizungumza na mtu wa karibu kama anaita gari. Alikuja kuazima mkasi. Alimkuta Mshonaji amelala kifudifudi baina ya cherehani na mlango, ubao umemzuia kujipindua, kama kobe aliyelemewa na gamba lake.

"Umeanguka lini, mwenzangu?"

"Nilikuwa nakwenda kunywa maji. Miguu ikakataa."

"Ikakataa! Miguu nayo imeanza mgomo!" Alipiga magoti, akafungua mishipi huku akisonya kila mmoja ulipofunguka. Alipoinua ubao, alinyamaza. Pale kifundo kilipokuwa kikisukuma palikuwa na kidonda cha mviringo, chekundu, kimelowa. Kimya cha Mama Kelele kilimtisha Mshonaji kuliko maumivu.

"Kuna nini huko nyuma?"

"Mumeo ni fundi wa mifupa au wa majeneza?"

"Usimseme."

"Namsema nani? Namsema seremala. Inuka, tunakwenda hospitali."

"Atasema nimemdharau."

"Nami nitasema yeye amekudharau wewe. Tutakuwa sare. Unataka miguu au unataka adabu?"

Katika muda wote wa ubao, hapakuwa na mtu aliyemuuliza Mshonaji anataka nini. "Nataka miguu," alisema, na machozi yakamtoka, kwa kuwa neno hilo aliposikia akilisema ndipo alipojua kwamba miguu inakwenda.

Mama Kelele alimbeba mpaka kwenye gari la kukodi, akarudi ndani mbio, akatoka na ubao. "Huu nao unakwenda," alimwambia dereva. "Ni shahidi."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, wa rika la binti yao, mwenye sauti ya chini na mikono ya baridi. Nyuma yake walisimama wanafunzi katika makoti meupe. Mama Kelele alikuwa ametumwa dirisha la mbele kuandikisha mgonjwa, sauti yake ikisikika mpaka wodini. Mshonaji alilazwa kwa ubavu, gauni la hospitali limeachwa wazi mgongoni, uso umeelekea mlangoni.

Daktari aligonga chini ya goti kwa kinyundo cha mpira, na mguu ukaruka kama mguu wa mtu mwingine. Akapitisha ncha ya kalamu kwenye unyayo.

"Unasikia, Mama?"

"Kwa mbali. Kama mtu anayebisha hodi kwa jirani."

Daktari aliinua picha ya mgongo mbele ya dirisha. "Hapa, na hapa. Mbele ya pingili mfupa umeliwa. Umeporomoka kama ukuta ulioloa chini, na kifusi kinaubana ugwe wa fahamu unaopita nyuma yake. Ndiyo maana miguu inazimika. Ni kifua kikuu."

"Sikohoi, daktari."

"Si lazima ukohoe. Maradhi haya huweza kupita mapafuni kama mpita njia, yakaenda kujenga kwenye mfupa. Dawa zipo, Mama. Ni za muda mrefu, na utalala sana. Ungekuja mapema ningekuahidi miguu yote miwili bila wasiwasi. Sasa nitakuahidi kwamba tutaipigania." Akamgeukia mwanafunzi mmoja. "Nenda kwa Fundi Mifupa. Mwambie naomba uti wa mgongo, ule wake mzuri, niwaonyeshe."

Mshonaji alikuwa na nafasi ya kusema, Huyo ni mume wangu. Maneno manne tu. Hakuyatoa, kwa kuwa alisikia haya kwa ajili ya mumewe, si kwa ajili yake mwenyewe.

Fundi Mifupa aliingia ameubeba uti wa mgongo kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala, macho yake yote yakiwa kwenye ncha ya chini isije ikagonga fremu ya mlango. "Daktari, wanafunzi wasiushike penye—" alianza. Akainua macho. Akamwona mkewe, kisha akaona, juu ya kigoda kando ya kitanda, ubao na mishipi yake minne. Taya lake likalegea, kama la fuvu ambalo springi yake imechoka.

"Karibu, Fundi," alisema daktari. "Waonyeshe hawa ya tisa na ya kumi za kifuani."

Akawaonyesha. Alihesabu kuanzia juu bila kukosea, na sauti yake haikutetemeka, kazi ilimshikilia. Daktari akaeleza. Kisha akauchukua ubao, akaugeuza mikononi.

"Na mgonjwa wetu amefika akiwa amefungwa huu. Tazameni kifundo. Kimeegemezwa palepale mfupa ulipooza. Kila siku kikisukuma, na kila siku mgonjwa akiambiwa, bila shaka, kwamba anatibiwa. Mishono ni mizuri ajabu. Mama, nani alikufunga hivi?"

Mshonaji alimtazama mumewe. Hakumtazama kwa kumshtaki. Alimtazama kama mtu aliyeshikilia mlango wazi ili mwenziwe apite. Alishikilia. Mkono ukachoka, akaendelea kushikilia.

"Huyo hakuwa mganga," alinong'ona mwanafunzi mmoja, "alikuwa fundi milango. Kasahau bawaba tu."

Wenzake walicheka, daktari akawakata kwa jicho.

Fundi Mifupa alikuwa akiiangalia pingili ya tisa, ile ya mkononi mwake.

"Ni fundi mmoja," alisema Mshonaji mwishowe. "Anakaa mtaani kwetu."

"Watu kama hao ndio wanaofaa kufungwa. Fundi, wewe umeshika mifupa maisha yako yote. Unaionaje kazi hii?"

"Ni kazi ya mtu asiyejua," alisema Fundi Mifupa. Akauchukua uti wake wa mgongo, akaukumbatia kifuani, akatoka. Na mlangoni, safari hii, hakuangalia, ncha ya chini ikagonga fremu.

Mama Kelele alirudi na karatasi zake. "Nimempita mzee wako ukumbini, anakwenda kama anafukuzwa na nyuki. Kakuona?"

"Kaniona."

"Kasemaje?"

"Kasema ni kazi ya mtu asiyejua."

Mama Kelele alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kumfunika miguu.

Fundi Mifupa alikuja saa ya kuona wagonjwa, na kila siku iliyofuata alikuja, ameoga, amevaa shati lililopigwa pasi vibaya. Hakuna aliyeweza kusema kwamba alimtupa mkewe. Alileta nguo safi zimekunjwa kwa pembe, alimwinua kichwa anywe maziwa, alimgeuza ubavu na ubavu pamoja na nesi bila kuambiwa mara mbili. Siku ya pili daktari alimkuta hapo, kikombe mkononi.

"Fundi! Kumbe una mgonjwa wodini?"

"Ndiye mke wangu."

Daktari alimtazama yeye, akamtazama Mshonaji, akatazama mahali pale kigoda kilipokuwa. Mtu aliweza kuona jambo likimfikia usoni. "Pole, Fundi," alisema, akapita kitanda cha pili.

Wakibaki wawili, walizungumza kama watu wanaosubiri mashine moja ya kusaga. Mumewe hakuwa na habari nyingine ila za kazini.

"Leo wameleta fuvu jipya. La kijana."

"Umejuaje kama ni la kijana?"

"Mishono haijafunga. Fuvu si mfupa mmoja, ni vipande, na vimeshikana kwa mishono yenye meno, kama nguo. Mtu akizeeka mishono hufutika."

Mshonaji aliwaza: miaka yote hii ameshona nguo za mtaa mzima, na mumewe amekaa na jambo hilo ndani ya nyumba moja, hakuwahi kuliona kuwa la kumwambia. Zamani angefurahi. Angemuuliza ni mshono gani, wa kurudia au wa kupishana, wangeketi jioni nzima. Sasa alisema, "Kumbe," na mumewe akaitikia kwa kichwa, na wote wawili wakatazama saa ya ukutani.

Wakati mwingine mdomo wa mumewe ulijikusanya kana kwamba neno liko njiani. Mshonaji alitega sikio. Neno lilifika mpaka kwenye meno, likageuka likawa, "Umekula?"

Kitanda cha pili alilala bibi mmoja aliyevunjika nyonga, mwenye maneno machache na macho mengi. "Huyu mzee wako," alisema siku moja mume alipoondoka, "ana deni la maneno."

"Hana kitu, Bibi. Ndivyo alivyo."

"Ndivyo alivyo ndiyo dawa ya wanawake wote wa humu. Wala haiponyi."

Dawa za hospitali, kwa upande wake, zilifanya kazi yake kimyakimya. Kwanza jasho la usiku lilikauka. Kisha kidonda kikafunga ngozi. Miguu ilibaki nyuma, kama wageni wanaosubiri kukaribishwa mara ya pili. Akafungwa mshipi mwingine, mwepesi, uliopimwa na watu waliomuuliza kila mahali, "Hapa panabana?" Swali hilo lilimfanya alie siku ya kwanza, fundi wa mishipi akadhani amembana kweli.

Ikaja asubuhi moja, nesi alipomketisha ukingoni mwa kitanda kama kawaida, akamteremsha miguu igusane na saruji.

"Baridi!" alisema Mshonaji.

"Nini baridi?"

"Sakafu. Sakafu ni ya baridi!"

Bibi wa kitanda cha pili alianza kucheka kabla ya wote. Nesi alileta fremu ya chuma, akaiweka mbele yake. Mshonaji aliishika, akainuka, akatetemeka mwili mzima kama cherehani iliyoingiwa na uzi mgumu, akakaa. Akajaribu tena. Katika siku zilizofuata alijaribu kila nesi alipopata nafasi, kisha hata nesi alipokosa. Mguu wa kulia ukitangulia, wa kushoto ukiburuta kidogo mithili ya mtoto asiyetaka shule. Daktari alimwona, akapiga kofi moja tu, akasema, "Mama, miguu hiyo ni yako."

Hakumwambia mumewe siku hiyo wala ya pili yake. Alikuwa akiitafutia habari ile namna ya kuisema. Alikwisha kuitunga sentensi yenyewe, fupi, isiyo na majivuno, na alikuwa ameamua kuisema Jumapili, mumewe atakapokuwa na nafasi ya kukaa.

Jumapili Fundi Mifupa alifika mapema, akaketi, akaweka mikono magotini. Alikuwa amekonda. Hakuuliza kama amekula.

"Nimekwenda kwa daktari," alisema. "Jana."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimemwambia. Kuhusu ubao. Nimemwambia kazi ile ni yangu."

Mshonaji aliyahisi maneno yale yakimwingia kifuani, na kitu ndani yake kikainuka kuyalaki. Sentensi yake ilifika ulimini. Lakini alikuwa mshonaji, na mshonaji hugeuza nguo aone upande wa ndani kabla ya kuisifu.

"Wanafunzi walikuwepo?" aliuliza taratibu.

"Hapana. Nilimfuata ofisini."

"Mlango ulikuwa wazi?"

Fundi Mifupa alitazama mikono yake. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Niliufunga," alisema.

"Daktari alisemaje?"

"Alisema alikuwa anajua."

Wageni wa vitanda vingine walikuwa wakicheka, mtoto mmoja akigonga kijiko kwenye chuma. Mshonaji aliegemea mto. Aliliona jambo lote kwa uwazi na bila hasira: mwanaume huyu alikuwa ametembea mbali sana, kwa mtu wa namna yake, ili kufika kwenye ofisi ile, na bado alisimama hatua moja kabla ya pale mkewe alipolazwa wazi mgongo mbele ya watu. Alimwonea huruma. Huruma hiyo hata hivyo haikuwa kitu kimoja na kile kilichokuwa kimeinuka kumlaki, nacho kikaketi tena.

"Ahsante kwa kuniambia," alisema.

"Na miguu? Miguu vipi?"

"Ipo."

Alingoja mkewe aongeze neno. Alingoja kwa subira, kama yeye mwenyewe alivyongojwa. Kengele ikalia. Akasimama, akanyosha shuka penye kona, akasema, "Haya, Mama. Kesho," akaenda.

Mshonaji alizisikiliza hatua zake zikichanganyika na za wengine. Kisha akatupa shuka, akateremsha miguu, akaivuta fremu.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bibi.

Kutembea kulichukua pumzi yake yote. Alipita kitanda cha Bibi, akapita kitanda kitupu, akafika mlangoni ambako hajawahi kufika kwa miguu. Ukumbi ulikuwa mrefu na umejaa migongo ya watu wanaorudi makwao. Aliutambua mmoja katikati yao, katika shati lenye makunyanzi, ukienda polepole bila kutazama pembeni. Haukuwa mbali. Sauti ya kawaida ingeufikia.

"Mwite!" alisema Bibi kutoka kitandani. "Si umwite akuone!"

Mshonaji alipanua kifua. Mbavu zikapanda, hewa ikaingia, jina la mumewe la nyumbani likawa tayari. Mumewe alifika mwisho wa ukumbi, akampisha mwanamke mwenye mtoto, akapinda kona.

Mshonaji alibaki amesimama pale, wima, hewa yote kifuani. Akaitoa taratibu. Halafu akaanza kazi ambayo nesi alikuwa bado hajamruhusu kuifanya peke yake, ya kuigeuza fremu kwanza, kisha mguu wa kulia, kisha ule wa kushoto, ili arudi kitandani mwake.